Tulikolala Kerala

Jumapili usiku, Kochi

Mvua imetupokea mlangoni mwa ndege. Sanduku la Shangazi limetoka kwenye mkanda likiwa limelowa upande mmoja, na kanga zilizokuwa upande huo zimelowa pia. Uwanja wa ndege wa Kochi ndio wa kwanza duniani kujitosheleza kwa umeme wa jua, tangu Agosti 2015. Ndege ilipokuwa inashuka tuliziona paneli zimepangwa safu kwa safu, zinaoshwa na mvua. Hii ni kusi ile ile inayotuletea ubaridi Unguja miezi hii. Huku inafika na maji yote iliyoyabeba baharini, na manahodha wa zamani walilijua hilo: kusi ikikaza, bandari za upande huu hazifikiki, kwa hiyo waliwahi kabla au walingoja ilegee.

Nyumba ya wageni tuliyoiagizia chumba Fort Kochi haikutupokea. Mwenyewe alisimama kizingitini, akatupa taulo tujifute uso, kisha akatuambia kwa masikitiko kuwa hajasajiliwa kulaza wageni wa nje. Sheria ya India inamtaka kila anayemlaza mgeni wa kigeni apeleke taarifa zake Uhamiaji kwa fomu maalumu, iliyozoeleka kwa jina la Fomu C, ndani ya saa 24. Hoteli kubwa zina karani wa kazi hiyo. Nyumba ndogo nyingi hazina, na programu ya simu tuliyoagizia haikuuliza uraia wetu. Aliipigia simu hoteli ya barabara ya pili, akatushikia mwavuli mpaka kwenye bajaji.

“Huyu kakosa fedha ya leo kwa karatasi?” Shangazi aliuliza njiani.

“Ndiyo, Shangazi.”

“Na hiyo kubwa imepata.”

Akatoa daftari na kuandika. Shangazi ana nyumba ya wageni Jambiani, ndogo, inayotazama bahari. Fundi wake amemshauri aongeze ghorofa, aweke kiyoyozi kila chumba na achimbe bwawa la kuogelea. Kabla ya kumjibu ametaka kwenda kuona watu wengine wenye minazi, bahari na wageni wanafanyaje. Mimi nimekuja kumsaidia kuchagua pa kulala na kuandika tunayoyaona.

Jumatatu, Kochi

Hoteli hii ina picha ya jani la kijani kwenye ubao wa mlangoni, kwenye lifti na juu ya karatasi ya chooni. Karatasi hiyo inamwomba mgeni atundike taulo kama hataki libadilishwe, ili maji yaokolewe. Tulitundika. Tulivyorudi kutoka kifungua kinywa taulo zote zilikuwa zimebadilishwa, na juu ya meza palikuwa na chupa mpya za maji, za plastiki, hali za jana tulikuwa hatujazifungua.

Dirisha halifunguki, limejengwa hivyo. Kwa hiyo kiyoyozi hakina budi kuwaka, ingawa nje mvua imepoza kila kitu na Shangazi amekohoa usiku kucha. Niliomba chumba chenye dirisha la kufunguka. Karani alitafuta kwenye kompyuta kwa muda mrefu, kwa adabu, akasema hakipo.

Mchana nilimuuliza kijana anayesafisha vyumba chupa zinapelekwa wapi. Alisema lori linakuja. Hilo si jibu dogo katika mji huu. Machi 2023 jaa la taka la Brahmapuram, pembezoni mwa Kochi, lilishika moto, na moshi wa plastiki ukaufunika mji kwa zaidi ya wiki. Watu waliambiwa wakae ndani na shule zikafungwa. Kerala ilikuwa imekwishapiga marufuku plastiki nyingi za kutumika mara moja tangu Januari 2020, na India nzima ikafuata kwa orodha yake Julai 2022. Chupa ya maji ya hotelini ilibaki. Mgeni anayekaa wiki moja huacha nyuma yake gunia zima, na anaondoka hajui limekwenda wapi. Mimi nadhani mtu anayechagua hoteli ana haki ya kuliuliza hilo kabla ya kuuliza kama kuna bwawa.

Kanga bado hazijakauka.

Jumanne, Kochi

Tumepanda boti za umma za umeme, zilizoanza kazi Aprili 2023. Zinaunganisha visiwa vya Kochi na bara kama daladala zinavyounganisha mitaa, na magati yake yako sawa na sakafu ya boti, kiasi kwamba mama mwenye mtoto kwenye kigari alipita bila kusaidiwa. Mwavuli wangu nimeusahau humo. Nilirudi kuuliza, nikaambiwa umepelekwa kituo kingine, na huko nikaambiwa umerudishwa huku. Nimenunua mwingine.

Tulikula mgahawani, karibu na Mattancherry. Mhudumu alituletea maji ya moto yenye rangi ya waridi kwenye bilauri za chuma. Shangazi aliyasogeza pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini kuwa mabomba yao yana kutu. Mhudumu alilifahamu tendo hilo bila kuijua lugha. Akaenda jikoni na kurudi na kiganja cha vipande vya mti, vyekundu kama njugu zilizokaangwa, akaviweka mezani. Ni pathimugam, mti ambao watu wa hapa huchemshia maji ya kunywa majumbani na migahawani. Maji yakichemshwa yanakuwa salama, na mti unayapa rangi na ladha kidogo ya ubao. Jagi moja kubwa lilizunguka meza zote na hakuna aliyetoa chupa. Shangazi alikunywa bilauri mbili na akaomba kipande akifunge kwenye kitambaa.

Meza ya jirani tulisikia Kiswahili. Ni familia ya Muscat, wazee wao walitoka Unguja. Huja Kerala miezi ya mvua kumtibisha mama yao magoti kwa dawa za asili za Ayurveda, maana wenyeji husema mwili hupokea mafuta vizuri wakati huu wa mvua. Walikuwa wamehama hoteli. Ya kwanza ilijiita kituo cha tiba, lakini daktari hakuwepo, palikuwa na wakandaji tu. Binti wa mama huyo alitushauri jambo moja: mahali popote panapouza tiba, omba kuonana na daktari kabla hujalipa. Shangazi aliandika, ingawa hana nia ya kuuza tiba. Mama yule alimwita “mwanangu” na Shangazi akamshika mkono kwa heshima, yeye ambaye kwetu ndiye anayeshikwa mkono.

Jumatano, kuelekea Kumarakom

Tumelikosa boti tulilolitaka. Ni Aditya, kivuko cha kwanza cha India kinachokwenda kwa nguvu ya jua, kinachobeba abiria 75 kati ya Thavanakadavu na Vaikom katika ziwa la Vembanad tangu Januari 2017. Basi letu la Cherthala lilichelewa, na tulipofika gatini Aditya ilikuwa imekwishageuza. Boti la dizeli lilikuwepo tayari kuondoka. Shangazi alisema tungoje. Tulingoja chini ya bati pamoja na muuza samaki na ndoo zake, wanafunzi, na mzee mwenye pikipiki asiyeonekana kuwa na safari yoyote.

Ilistahili kungojwa. Paneli zimefunika paa lote na betri ziko chini. Haina mlio wa injini wala harufu ya mafuta. Nyuma yetu mtoto wa shule alikuwa akirudia jedwali la kuzidisha kwa Kimalayalam, na tulilisikia lote, kutoka gati hadi gati, na mama yake akimsahihisha palepale. Kwenye boti la dizeli watu hupiga kelele hata kuombana nauli. Kiti cha Shangazi kilikuwa na maji, amevuka amesimama. Hiki si chombo cha watalii: ni cha mkulima na mwalimu, na nauli ni ya mkulima na mwalimu. Kwangu mimi safari inayojali mazingira ianze hapa, kwenye chombo ambacho mwenyeji angekipanda hata kama mgeni asingekuja.

Vaikom tumepata basi. Kondakta alitushusha kabla ya kituo, tukatembea mvuani na masanduku. Mwenye nyumba, mwanamke wa makamo ambaye kila mtu anamwita Chechi, yaani dada mkubwa, alikuja kutupokea na jani la mgomba juu ya kichwa maana mwavuli wake alikuwa ameuazima jirani.

Nyumba yake imesajiliwa na Fomu C aliijaza mwenyewe kwa simu, mbele yetu, kabla ya chai. Nyumba za namna hii huku hupangwa kwa madaraja ya almasi, dhahabu na fedha. Masharti yake mawili yamemfurahisha Shangazi kuliko madaraja yenyewe: mwenyewe lazima aishi humo humo, na vyumba visizidi sita. Hakuna kuwa tajiri wa mjini ukaajiri mtu akulindie nyumba ya kijijini.

Hakuna bomba la mvua bafuni. Kuna ndoo, kata na maji ya moto yaliyochemshwa kwa kumbi za nazi. Nimeoga kwa ndoo moja na haikuisha.

Alhamisi, Kumarakom

Nimekosa pa kuanika nguo. Kamba yote ya barazani imejaa mifuko ya maziwa ya plastiki, imeoshwa, imekatwa ncha na kubanwa kwa vibanio kama soksi za watoto. Chechi alieleza kuwa kila mwezi hupita wanawake wa Haritha Karma Sena, jeshi la kijani, waliovaa makoti ya kijani, wanakusanya plastiki nyumba hadi nyumba. Hawapokei iliyo chafu wala mbichi. Kila nyumba huwalipa ada ndogo, na hiyo ndiyo kazi yao na mshahara wao. Shati langu limekaa nje ya zamu mpaka mifuko ikauke. Sikuona sababu ya kunung'unika: mfuko mmoja unaooshwa hapa ni mfuko mmoja ambao hautaungua Brahmapuram.

Asubuhi tumetembezwa kijijini. Kumarakom ina hoteli kubwa kandokando ya ziwa tangu zamani, na kwa miaka mingi wanakijiji waliziona ukuta na geti tu. Mboga zilitoka mbali, wafanyakazi wengi pia, na mvuvi alizuiwa ufuko aliokulia. Mwaka 2008 serikali ya jimbo ilianza hapa, pamoja na sehemu nyingine tatu, mpango wa utalii wenye uwajibikaji. Hoteli zilikaa meza moja na kijiji, zikakubali kununua mboga, nazi, maziwa na samaki kutoka kwa wakulima na vikundi vya wanawake wa Kudumbashree, mtandao wa kupambana na umaskini ulioanzishwa Kerala mwaka 1998. Mashamba yaliyokuwa yametelekezwa yakalimwa tena. Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa likaipa Kerala tuzo kwa kazi hiyo. Mwaka 2017 jimbo likaunda chombo kamili cha kuusimamia mpango huo.

Lakini tulichokwenda kuona si tuzo. Tulipelekwa banda la makuti ambamo wanawake watatu walikuwa wakisokota usumba. Shangazi alisimama mlangoni, akavua viatu, akaingia bila kungoja mkalimani. Makumbi yamefukiwa kwenye matope ya ziwa kwa miezi, yakafukuliwa yakiwa na harufu ile ile ya pwani ya Jambiani maji yakipwa, yakapigwa kwa gogo hadi nyuzi zikaachana. Mpaka hapo hakuna alilohitaji kuelezwa. Kusokota ndiko kulikokuwa na tofauti. Kwetu usumba husokotwa kwa viganja, mtu ameketi. Hapa mwanamke mmoja huzungusha gurudumu, wawili wamefunga mzigo wa nyuzi kiunoni na wanarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, wakiziachia nyuzi kidogo kidogo vidoleni, na kamba inazaliwa mbele yao kwa urefu wa banda zima.

Walimfunga Shangazi mzigo kiunoni. Kamba yake ya kwanza ilikatika. Ya pili ikatoka nene huku, nyembamba kule. Ya tatu ilikwenda vizuri mpaka akagota kwenye nguzo ya nyuma, kwa sababu hakuna anayeweza kutazama nyuzi na nyuma yake kwa wakati mmoja. Mwanamke mkubwa kuliko wote, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimshika mabega akamwonyesha alama ya chokaa sakafuni: hapo ndipo unaposimama. Kisha Shangazi akaketi chini, akachukua usumba, akawasokotea kwa viganja, kwa namna ya kwetu. Walinyamaza wakamtazama mikono. Mmoja wao alijaribu naye hakuweza.

Banda la pili walikuwa wakisuka mikeka ya majani ya mkadi, yaliyotolewa miiba, yakachemshwa na kuanikwa. Mgema tulimkuta juu ya mnazi, na mvua ilipozidi alishuka na kukataa kupanda tena, na kiongozi wetu akakubaliana naye: shina limelowa, na hakuna mgeni ambaye mtu avunjike mguu kwa ajili yake. Tulipewa muhogo wa kuchemsha na samaki wa pilipili badala yake.

Mwisho kiongozi alitoa karatasi. Fedha tuliyolipa imegawanywa mbele yetu: kiasi hiki banda la usumba, hiki mikeka, hiki mgema, hiki mpiga kasia, hiki kiongozi mwenyewe. Kila mmoja ametia sahihi. Mgema amelipwa ingawa hakupanda. Shangazi aliiomba nakala. Mashine ya kunakili duka la jirani haikuwa na umeme, kwa hiyo ameinakili kwa mkono, jina la kazi kwa jina la kazi.

Ijumaa, Kumarakom

Mvua bila kituo. Sandali yangu imekatika kamba nikielekea msikitini. Fundi viatu alikuwa amefunga naye kwa sala.

Jioni umeme ulikatika na Chechi akatusimulia habari ya Nediyathuruthu, kisiwa kidogo kaskazini ya ziwa hili hili. Palijengwa hoteli ya kifahari, majumba madogo 54, juu ya eneo ambalo sheria ya fukwe inalilinda. Wavuvi walishitaki kwa sababu nyavu zao za kusimamisha majini ziliharibiwa. Kesi ilichukua miaka. Januari 2020 Mahakama ya Juu ya India iliamua hoteli ibomolewe, na mwaka 2022 ubomoaji ukaanza. Haikuwahi kulaza mgeni hata mmoja.

Shangazi aliuliza kama wavuvi walilipwa nyavu zao. Chechi hakujua. Walikaa wakalizungumza hilo kwa mikono na maneno machache mpaka umeme uliporudi, na mimi nikatambua kuwa wote wawili wanawajua wavuvi wa namna hiyo kwa majina.

Jumamosi na alfajiri ya Jumapili, Alappuzha

Tumelala kwenye boti. Haya maboti ya kulala, kettuvallam, ndiyo picha ya Kerala kwenye kila kalenda: mashua kubwa za zamani za kubeba mpunga, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za usumba bila msumari, zimejengewa paa la mianzi na vyumba ndani. Shangazi alitaka kuona mshono. Aliugusa kwa kidole mbavuni mwa boti na kusema kuwa hivi ndivyo mitepe ya kwetu ilivyoshonwa, ambayo hakuna tena anayeiunda kwa ajili ya kazi.

Hatujakwenda mbali, tukakwama. Magugumaji yamejaa mfereji mzima, na rafadha ikayasokota mpaka injini ikazima. Mpishi aliingia majini na kisu. Wanaolijua Ziwa Viktoria wanalijua gugu hili. Huku linasitawi zaidi kwa sababu ya lango la Thanneermukkom, ukuta uliojengwa kukata ziwa ili maji ya chumvi yasipande mashambani. Mpunga umenufaika, lakini ile chumvi ndiyo iliyokuwa ikiliua gugu, na samaki waliokuwa wakisafiri kati ya bahari na ziwa wamekatiwa njia.

Tukapita Kuttanad. Mashamba ya mpunga yako chini ya usawa wa bahari, mengine kwa mita mbili na zaidi. Ukiwa umeketi botini unawatazama bata na migomba kwa chini, kama mtu aliye ghorofani, na kinachotenganisha maji na mpunga ni tuta la udongo ambalo watu walilijenga kwa mikono na wanalikarabati kila mwaka. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huu wa kilimo mwaka 2013 kuwa urithi wa dunia wa kilimo. Kila boti kubwa likipita kwa kasi wimbi lake linalamba tuta. Nahodha wetu alipunguza mwendo. Wengine hawakupunguza.

Saa kumi na moja na nusu jioni alitia nanga. Kulikuwa na mwanga bado, na mgeni wa boti la pili alilalamika kwa sauti kuwa amelipia safari ya ziwani na si ya kufungwa kwenye mnazi. Nahodha alionyesha mitumbwi iliyokuwa inatoka. Usiku ziwa ni la wavuvi, nyavu zikishatandwa boti haliruhusiwi kuzipitia. Nilifurahi kwa kanuni hiyo kuliko kwa kitu chochote kingine kilichomo kwenye bei ya boti hili.

Kisha jenereta likawashwa kwa ajili ya kiyoyozi na likanguruma mpaka alfajiri. Tulizima chetu. Jenereta la boti la jirani halikuzimwa. Nilimuuliza nahodha maji ya chooni yanakwenda wapi. Alisema kuna tangi, na tangi linanyonywa gatini. Nilimuuliza kama maboti yote hufanya hivyo. Alitazama ziwa, akasema yeye hufanya.

Alfajiri niliona mashua imepakia madumu ya maji, inasimama kila nyumba ng'ambo ya mfereji. Wakazi wa Kuttanad wamezungukwa na maji pande zote na ya kunywa lazima waletewe. Mwanamke mmoja aliteremka ngazi kupokea madumu yake huku bomba la boti la jirani likimwaga maji ya sabuni mfereji ule ule, hatua chache kutoka miguu yake. Shangazi aliona pia. Hatukumaliza chai.

Jumapili, Alappuzha

Leo tumepanda boti la abiria la serikali kwenda Kottayam, njia ile ile ya mifereji, kwa sarafu. Tulikaa ubavuni mwa mwanamke aliyebeba bata wawili kwenye kikapu. Bata mmoja ametoka, ametembea chini ya viti vyote, amerudishwa. Tumeyaona mashamba, makanisa, misikiti, mahekalu na nguo za watu kambani, na mtu akishuka mbele ya mlango wake boti linasimama. Kama mgeni angeniuliza mimi, ningemwambia alale kwa Chechi na apande boti hili.

Jumanne, ndani ya treni ya Mumbai

Tumechagua treni badala ya ndege, kwa reli ya Konkan iliyofunguliwa yote mwaka 1998, inayofuata pwani kwa madaraja na mahandaki 91. Msimu wa mvua ina ratiba yake: treni huenda polepole kwa kuogopa maporomoko, na walinzi hutembea relini usiku na mchana. Tiketi ya Shangazi ina kitanda kamili. Yangu ni ya RAC, maana yake nusu kitanda: watu wawili wanagawana kitanda kimoja cha pembeni mpaka mwenye kitanda kamili afute safari. Hakuna aliyefuta. Mwenzangu ni mzee mstaafu wa reli. Tumekaa tukitazamana, miguu yake upande wangu na yangu upande wake, shuka moja katikati.

Yeye ndiye aliyenieleza choo. Zamani kinyesi cha treni kiliangukia relini, nchi nzima. Sasa kila behewa lina tangi chini lenye bakteria wanaokila na kukigeuza maji na gesi. Kinachowaua ni abiria, alisema, maana wanatupa chupa na nepi ndani, tangi linaziba. Alilisema hilo kwa uchungu wa mtu aliyewahi kulifungua tangi.

Shangazi amekuwa akiandika tangu Goa. Mchana aliniita kitandani kwake, akaniambia nimpelekee fundi ujumbe kwa simu yangu.

“Mwambie bwawa sichimbi. Kisima cha jirani yangu kimeshaanza chumvi.”

Niliandika.

“Kiyoyozi vyumba viwili, vya wazee. Vingine madirisha mapana, na kuta zielekee upepo. Bwawa lile, fedha yake ajenge tangi la mvua. Na banda nyuma, refu, la usumba, kwa mama wa kule kwetu. Refu hasa, mwambie, mtu aweze kurudi kinyumenyume asigote.”

“Na ghorofa, Shangazi?”

“Mwambie vyumba sita na mimi ndani. Visizidi.”

Ujumbe haukwenda. Tuliingia handaki, tukatoka, nikautuma tena, tukaingia jingine. Baada ya Ratnagiri kuna handaki la Karbude, kilomita sita na nusu, na humo hata taa ya simu ilionekana kama haitoshi. Mzee alinishauri ningoje mpaka tutoke, naye alijua ni dakika ngapi. Tulipotoka ukaenda.

Fundi alijibu hata kabla ya kituo kilichofuata. Hakubisha. Aliuliza tangi liwe la lita ngapi na paa lina upana gani. Shangazi alifungua ukurasa mpya, akachora paa la nyumba yake, akaniuliza msimu wa Masika huwa inanyesha milimita ngapi Jambiani. Mzee wa reli alisogea, akaomba kalamu, akamwonyesha jinsi ya kupiga hesabu: upana kwa urefu, kwa mvua, kisha utoe ya kwanza inayoosha paa.